Tortila Kwanza, Nyama Baadaye

Katika mkahawa wa Kimeksiko unaopika kwa asili yake, chakula cha kesho huanza kupikwa leo usiku. Mahindi makavu hutiwa katika sufuria kubwa ya maji pamoja na chokaa, kiasi cha gramu 10 hivi kwa kila kilo ya mahindi, yakachemshwa bila kuachwa yakaiva kama ya makande. Moto huzimwa, sufuria ikaachwa hadi alfajiri. Kufikia hapo maji yamekuwa ya manjano na yanateleza. Mpishi huchukua punje moja akaisugua kwa vidole: ganda likitoka kwa wepesi na kiini kikiwa bado kigumu kidogo katikati, mahindi yako tayari. Yakizidi kuiva, donge lake baada ya kusagwa litanata mikononi; yakipungua, litapasuka. Mahindi ya mwaka huu na ya mwaka jana hayapikwi kwa muda uleule, kwa hiyo vidole hivyo vina thamani zaidi kuliko saa ya ukutani.

Mahindi yaliyopikwa hivyo huitwa nishtamali, na ndiyo msingi wa upishi wote wa Meksiko. Tortila hutokana nayo, na vilevile tamale inayopikwa kwa mvuke ndani ya maganda ya gunzi, na pozole, mchuzi mzito wa punje nzima ambao katika jimbo la Guerrero huliwa hasa siku ya Alhamisi. Mlaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea kuona chokaa ikipakwa kwenye jani la tambuu, hatashangaa kuikuta mdomoni. La kushangaza ni kazi inayofanya. Chokaa hulegeza ganda ambalo kwingineko hutwangwa kinuni. Huzishika chembe za unga zikashikamana, jambo ambalo maji matupu hayawezi: unga wa sembe ukikandwa kwa maji baridi na kusukumwa, mkate wake hukatika kabla haujafika motoni. Zaidi ya hayo, chokaa hufungua niasini, vitamini iliyojifungia ndani ya punje, ili mwili uweze kuitumia.

Kutoijua kazi hiyo ya mwisho kumegharimu maisha ya watu wengi. Mahindi yalikuzwa kutoka nyasi ya porini miaka 9,000 hivi iliyopita, katika bonde la mto Balsas kusini magharibi mwa Meksiko, na wenyeji wa huko na wa Guatemala walikwisha kujua kuyapika kwa chokaa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Wahispania na Wareno waliposambaza mbegu zake duniani, waliiacha nyuma namna ya kuyapika. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal alieleza ugonjwa wa ngozi na akili uliowapata maskini wa Asturias, Hispania, waliokula mahindi karibu peke yake. Ugonjwa huo, pelagra, uliua maelfu kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na ni mwaka 1937 tu ambapo Conrad Elvehjem alionyesha kwamba niasini ndiyo iliyokosekana. Mwaka 1990 uliwapata wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, baada ya karanga kukatika katika mgao wao wa mahindi. Penye ugali, maharage, dagaa na nyama ndivyo huziba pengo hilo. Wanawake wa Meksiko walikuwa wameliziba ndani ya sufuria, karne nyingi kabla ya maabara.

Ni haki kusema wanawake, kwa sababu wao ndio waliosaga. Metate, jiwe la volkano lenye miguu mitatu, humtaka msagaji apige magoti na kusukuma jiwe la mkononi mbele na nyuma kwa saa nyingi kila siku. Vinu vya mashine vilipoenea vijijini katika karne ya 20, vilimwinua mwanamke kutoka sakafuni, na hakuna sababu ya kuvisikitikia. Mkahawa mzuri wa leo huwa na kinu kidogo chenye mawe mawili ya volkano, nacho hutoa donge laini, lenye unyevu, linalonukia mahindi na mvua ya kwanza. Donge hilo ni masa.

Mtengeneza tortila hukata kidonge cha masa, akakiviringisha viganjani, akakibana kwenye kibanio cha chuma kati ya vipande viwili vya plastiki. Huilaza tortila mbichi juu ya komali, bamba la moto la udongo au chuma, kwa mkono unaorudi nyuma upesi ili isikunjike. Upande wa kwanza hukaa sekunde chache, hadi kingo zianze kuachana na bamba. Wa pili hukaa zaidi, hadi madoa ya kahawia yatokee. Ikigeuzwa tena na kuguswa kwa ncha za vidole, mvuke uliofungiwa ndani huitutumua yote. Hapo ufundi umekamilika, na ni wa dakika moja na nusu hivi. Tortila hufunikwa kwa kitambaa kikapuni, zikalainishana kwa joto lao zenyewe.

Viwanda vimekwisha kuyakausha yote haya yakawa unga wa pakiti, unaohitaji maji tu. Unga huo umelisha miji mikubwa, lakini tortila yake hupoa ikawa ngumu upesi, na harufu ya mahindi huwa imebaki kiwandani. Anayeingia mkahawa wa Kimeksiko, uwe Oaxaca au Chicago, afadhali aanze kwa kuomba tortila tupu na chumvi. Akishaonja, atajua aagize nini, au aondoke.

Ushahidi mzuri wa hilo uko Mexico City, mtaa wa San Rafael, katika kibanda kiitwacho El Califa de León kilichofunguliwa mwaka 1968. Wateja hula wamesimama. Taco yake mashuhuri, yaani tortila yenye kitoweo ndani, ni ya nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, ikatiwa chumvi na kukamuliwa ndimu, basi. Na kando ya mchoma nyama kuna mtu wa tortila, anayezitoa papo hapo. Mwaka 2024 kibanda hicho kilipewa nyota ya Michelin. Mapema zaidi, mwezi Novemba 2010, kamati ya UNESCO iliyokutana Nairobi iliuingiza upishi wa jadi wa Meksiko, kwa mfano wa jimbo la Michoacán, katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu.

Tortila zinazobaki jioni hazitupwi. Hukatwa vipande, zikakaangwa hadi zikauke, na asubuhi hutiwa katika mchuzi moto wa nyanya na pilipili, juu yake jibini na kitunguu. Chakula hicho, chilaquiles, hutangulia kwenda mezani wakati mahindi ya usiku uliopita yakisuuzwa yapelekwe kinuni.