Msingi Mfupi Chala: Kazi Huanza Chini ya Zege

Kandokando ya Ziwa Chala, kaskazini mwa mji wa Taveta, ardhi ni zao la volkano. Katika kiwanja kimoja sururu huweza kugonga mwamba kona hii na kuzama kwenye udongo laini kona ile. Hatari ya msingi mfupi iko hapo. Jengo likititia sawasawa pande zote, kuta husalimika. Upande mmoja ukititia zaidi ya mwingine, ukuta hupasuka.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kina cha mtaro, tuulize kama chini yake ni pagumu kote. Fundi makini hupigapiga nondo mtaro mzima. Inapozama kirahisi, udongo laini huondolewa hadi ardhi ngumu, pengo likajazwa zege hafifu au maramu iliyoshindiliwa. Mwamba uliochomoza nao huchongwa, usije ukabeba ukuta peke yake.

Udongo mweusi wa mfinyanzi una sharti lake. Madini yake ya montmorilonaiti hufyonza maji na kuvimba wakati wa masika, kisha husinyaa kiangazi. Kuushindilia hakuuponyi. Huchimbwa ukatupwa; ukiwa na kina kirefu mno, mhandisi abuni msingi wa aina nyingine.

Kujaza nako kuna kanuni. Mwaka 1933 Ralph Proctor, mhandisi wa Los Angeles, alionyesha kuwa kila udongo una kiasi chake cha maji kinachoufanya ushikamane vizuri zaidi. Ukikauka, chembe hugomea kusogeleana; ukilowa mno, maji hukalia nafasi ya chembe. Kupima kiasi hicho, finyanga konzi moja ya udongo: ibaki donge, ikivunjwa itoke vipande vichache, na kiganja kisilowe. Maramu imwagwe kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ishindiliwe kabla ya inayofuata. Ukimwaga sentimita 60 kwa mkupuo, juu patakuwa pagumu na chini patabaki legelege hadi mvua ipapate.

Sentimita chache za mwisho za mtaro zichimbwe siku ya kumwaga zege. Mvua ikitangulia, tope likwanguliwe lote, kisha zitandazwe sentimita 5 za zege hafifu.

Wenye nyumba wengi hufika kukagua kuta zikishapanda, wakati kosa la chini haliwezi tena kurekebishwa kwa bei nafuu. Waje mtaro ukiwa wazi, na nondo mkononi.