Ufuta juu ya mkate, ufuta ndani ya chungu

Mgeni akimtazama mpishi wa mkate wa ufuta huko Unguja, kuna mahali atadhani ameona ajali. Mpishi ananyanyua kikaango chenye unga mbichi, anakipindua kifudifudi juu ya makaa, na unga haudondoki. Kazi imeshafanyika kabla ya hapo. Unga wa ngano umekandwa kwa tui na hamira, wengine huongeza yai, kisha ukapigwa kwa mkono hadi ukavutika, mwepesi kuliko wa chapati lakini si wa kumiminika. Anautandaza kwa mkono uliolowa maji, anausubiri ushike kwenye chuma, anaunyunyizia ufuta, ndipo anapindua. Uso wa mkate sasa unatazama moto bila kizuizi.

Huko kupindua si madoido. Ufuta mbichi hauna harufu ya maana; utafune uone. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na ndani yake mna protini na sukari kidogo. Joto kali likiupiga, sukari na protini hushikana na kuzaa harufu kwa njia ileile inayoipa kahawa na karanga za kukaanga harufu zake, na mafuta huibeba ikakaa. Kwa hiyo mkate uliopata moto wa chini tu huwa na ufuta wa kutazama, si wa kunusa. Siku hizi wapo wanaotumia oveni. Sina ugomvi nao, ilimradi wawashe moto wa juu.

Ugomvi wangu ni na sifa nyingine inayopewa mbegu hii, kwamba ina kalsiamu mara nane ya maziwa, hivyo mla mkate wa ufuta anajenga mifupa. Hesabu yenyewe ina msingi. Gramu 100 za ufuta wenye ganda lake zina takriban miligramu 975 za kalsiamu, na maziwa ya uzito huohuo yana 120 hivi. Lakini nani anakula gramu 100 za ufuta kwa kikao kimoja? Kijiko kimoja cha chakula ni gramu 9, sawa na miligramu 88. Kuifikia bilauri moja ya maziwa unahitaji vijiko vitatu na zaidi, na hayo ni ya kwenye karatasi. Sehemu kubwa ya kalsiamu hiyo imo kwenye ganda, nayo imefungwa na oksaleti, chumvi ambayo tumbo haliwezi kuifungua vizuri. Tena mbegu nzima isiyotafunwa sawasawa hupita mwilini ilivyo, na punje yenye uzito wa miligramu tatu hivi huyakwepa meno kirahisi. Ufuta wa juu ya mkate, kwa hukumu yangu, ni kiungo. Tuuhesabu pamoja na iliki na binzari, tusiuhesabu pamoja na maziwa.

Kuuona ukifanya kazi ya chakula inabidi tuondoke pwani, twende kaskazini mwa Uganda, ambako ufuta, kama ilivyo Kenya, huitwa simsim. Waacholi huukaanga, wakausaga peke yake au pamoja na karanga hadi ukawa rojo zito liitwalo odii. Rojo hilo hukorogewa kwenye mboga za majani, na pia kwenye chungu cha kunde zilizoiva, chakula kinachoitwa dek ngor. Kusaga kunaondoa lile tatizo la punje kupita nzima. Mwanzoni unapata unga mkavu. Ukizidi kusaga, vifuko vidogo vya mafuta ndani ya mbegu hupasuka na unga unageuka rojo bila kuongezewa tone la kitu.

Halafu kuna kunde. Protini ya ufuta, gramu 18 hivi kwa kila 100, ina asidi amino iitwayo methionini ya kutosha lakini ina upungufu wa nyingine, laisini. Kunde ni kinyume chake: laisini zinayo, methionini haba. Vikiingia chungu kimoja kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake, na mlo huo unakaribia ubora wa protini ya nyama kwa gharama ya mboga. Waliobuni dek ngor hawakuwa na maabara. Walikuwa na ulimi, na njaa ya kuwalisha watoto.

Swali la ganda linabaki. Watengenezaji wa tahini, rojo la ufuta la nchi za Sham, hulitoa kwa ujanja ninaoupenda sana: huloweka mbegu, huzisugua hadi maganda yaachie, kisha huzitia kwenye maji ya chumvi nyingi. Viini vyenye mafuta vinaelea, maganda yanazama. Tahini inatoka nyeupe na haina uchungu. Bei yake ni kalsiamu, kwani ufuta uliomenywa hubaki na miligramu 60 hivi, ingawa oksaleti nayo imekwenda na ganda. Kwa chungu cha nyumbani naliacha ganda, kwa sababu ya nyuzinyuzi.

Mchanga ni kero ya mpishi inayoanzia shambani, kule Lindi na Mtwara. Vifuko vya mbegu vikikauka vinajifungua vyenyewe na kumwaga, hivyo mkulima hukata mashina kabla hayajakauka, huyafunga mafungu, huyasimamisha juani, kisha huyapindua na kuyakung'uta juu ya turubai. Asiye na turubai huuza ufuta na ardhi kidogo. Mwaka 1943 mtafiti Derald Langham aligundua huko Venezuela mmea ambao vifuko vyake havijifungui, lakini ufuta mwingi duniani bado unavunwa kwa mikono.

Basi uoshe kwanza: utie kwenye bakuli la maji, koroga, uchote wa juu, mchanga uache chini. Uanike ukauke. Kaanga bila mafuta, moto mdogo, ukikoroga bila kupumzika. Ukianza kurukaruka na rangi kugeuka kahawia hafifu, umwage kwenye sinia papo hapo, maana kikaango chenye joto kinaendelea kukaanga hata kikiepuliwa. Onja punje chache. Zikiwa chungu umeziunguza, na hakuna sukari itakayoziokoa, anza upya.