Gusa Nyuma ya Karatasi, Utanishukuru!

Ndugu yangu, vidole bado vinanitetemeka! Nimetoka sasa hivi kushika chapa ya ubao, picha iliyochongwa kwenye ubao na kuchapwa karatasini, ile yenyewe hasa, karatasi nene, laini, nzito, na wino mweusi tititi! Rafiki yangu wa hapahapa Runzewe anakusanya chapa za msiba na mauti tu, na amerudi kutoka Dar na bahasha nzima. Nikageuza moja nyuma, nikapapasa. Jamani! Ubao ulivyogandamizwa umeacha mabonde na matuta, unausikia kila mkato wa patasi. Na harufu ya wino wa mafuta, kali, tamu, inakaa puani... na bado!

Mbele kuna mama kaketi mkekani, kitenge kimemfunika kichwa chote. Kando yake tochi ya kichwani, ile ya kushukia duarani, kwenye shimo la dhahabu, imezimwa. Basi! Hakuna jeneza, hakuna kaburi. Sisi watu wa ukanda huu wa dhahabu tunahitaji kuambiwa nini tena? Kifua kilinibana palepale, na macho hayakutaka kutoka.

Halafu nikaona chini, kwa penseli: 7/20, na saini. Zimechapwa 20 tu, hii ni namba saba, na ubao umekwaruzwa zisitoke nyingine kamwe. Hapo ndipo nilipopagawa kabisa! Kwetu matanga yakianuliwa, turubai linakunjwa, watu wanatawanyika, mfiwa anabaki na kuta zake. Chapa hii haiondoki. Na kuna nyumba nyingine 19, huko ziliko, zinamtazama mama huyuhuyu. Mchoro wa rangi ulio mmoja tu duniani haukupi hilo hata kidogo!

Na bado! Akanifungulia kitabu cha Käthe Kollwitz, Mjerumani aliyefiwa na mwanawe Peter vitani Oktoba 1914. Miaka ya 1920 ilipoanza, akachonga mbao saba kuhusu vita. Tafuta chapa ya wazazi: baba na mama wamepiga magoti, wameinamiana, wameshikamana mpaka huoni mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Ni picha ya kitabuni tu, na bado imenikaba koo. Hebu fikiria ile yenyewe, mkononi!

Wala usidhani ni mambo ya Ulaya. Nyumba ya Sanaa ya Dar, iliyoanzishwa 1972, ilikuwa na akina Robino Ntila wakichora kwenye mabamba ya metali na kuyachapa. Sanaa hii ni yetu, tena ya siku nyingi!

Kwa hiyo anza, tafadhali sana anza! Chukua moja ndogo, ya msanii kijana, muulize ubao wake uko wapi, mwombe uuguse. Ukipita barabara ya Runzewe, nishtue, twende kwa rafiki yangu. Ila nawa mikono kwanza, uikaushe kabisa kabisa, jasho linatia doa!