Tenzi Ambazo Si Tenzi

Boti ya Lamu iliniacha. Nilifika gatini Mtangawanda maji yameshaanza kutoka, na hapa kisiwani Pate hakuna anayebishana na maji: yakipwa, mlango wa Mkanda hauna kina cha kupitisha chombo. Nikakaa kivulini karibu na mzee mmoja na magunia yake ya nazi. Bila kujua, nikaanza kuguna wimbo wa Tenzi za Rohoni.

"Wimbo gani huo, mwanangu?"

"Wa kanisani, mzee. Wa marehemu shosho."

Nikiri kwamba kitabu hicho nimekicheka sana. Nilipokuwa chuoni, kabla karo haijanishinda mwaka wa pili, niliandika insha nzima kukiponda, na bado naamini hoja zangu zilikuwa sahihi. Jina lenyewe linadanganya. Utenzi una sheria zake: ubeti wa vipande vinne, mizani nane kila kipande, vitatu vya kwanza vikilingana vina na cha nne kikibeba kina cha utenzi mzima. Hapa Pate, Bwana Mwengo alitunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, beti zaidi ya elfu moja, bila kutoka nje ya mstari. Nyimbo za shosho? Nyingi ni maneno ya Kiswahili yaliyovalishwa tuni za Wazungu, na nguo inabana. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni haijui hilo, basi unajikuta unaimba "bwaNA" na "moYO" kama mgeni aliyeshuka ndegeni jana.

Nilimweleza mzee haya yote. Akacheka, akaniuliza kama naijua Hamziya.

Naijua kwa kusoma tu. Ni kasida ya Kiarabu ya al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, ya kumsifu Mtume. Sayyid Aidarus wa Pate akaitia Kiswahili, Kiswahili cha kale mno. Mzee akasoma beti kadhaa kwa sauti ya kuvuta, macho yake baharini.

"Umeelewa?"

"Hapana, mzee."

"Na mimi si yote. Lakini baba yangu akisoma hivi hivi."

Hapo ndipo insha yangu ilipoanza kuvuja. Hamziya nayo ni tafsiri, na maneno yake yanahitaji mtu wa kuyafasiri. Sisemi zinalingana kwa ufundi. Sayyid Aidarus ni fundi, na kitabu cha shosho hakimfikii hata kisiginoni. Lakini kosa langu lilikuwa kuupima wimbo kwenye karatasi tu, kana kwamba hapo ndipo unapoishi.

Mwaka juzi tulimzika shosho. Mvua, umeme umekatika, mpiga kinanda hajafika, kitabu hana mtu. Mchungaji akaanzisha wimbo wa mwamba, ule wa Augustus Toplady, Mwingereza wa karne ya 18. Sisi wajukuu ambao kanisa tulikuwa tumelisahau tuliimba beti zote, mikazo ikianguka pabaya palepale shosho alipokuwa akiiangusha. Baba na baba mdogo hawakuwa wamesalimiana tangu mambo ya shamba yaanze. Siku hiyo walisimama bega kwa bega, kwa sababu wote wawili huimba besi na besi husimama upande mmoja. Baada ya mazishi hawakuongea, sitadanganya. Lakini dakika zile tano hakuna mzee wa ukoo wala chifu aliyekuwa ameweza kuzipata.

Nyimbo za sifa za siku hizi sizichukii. Nyingine zina tuni tamu kuliko hizi za zamani, na Kiswahili chake kinatembea vizuri. Shida ni kwamba zinabadilishwa kila baada ya miezi michache, na maneno yako kwenye skrini. Skrini ikizima, tunabaki na makofi. Tenzi haijatengenezwa upya kila msimu, ndiyo maana shosho, baba na mimi tuna makosa yaleyale mdomoni.

Na simaanishi kwamba imani imenirudia, bana. Bado sijui naamini nini.

Mzee akataka kuusikia wimbo wangu wote. Nikaimba, kwa aibu, hadi kabla ya ubeti wa mwisho, ule wa pumzi ya mwisho. Nikanyamaza.

"Umekwisha?"

"Umebaki ubeti mmoja."

"Haya, maliza. Maji bado."