Mjumbe Kisimani: Kuhusu Sinema ya "300"

Ndugu msomaji, huenda umekwisha kuiona sinema iitwayo "300". Na kama hukuiona wewe, basi yamkini mwanao ameiona. Ilitoka mwaka 2007, mtengenezaji wake ni Zack Snyder wa Marekani, na asili yake ni kitabu cha katuni cha Frank Miller cha mwaka 1998. Katika vibanda vya video vya huku kwetu Tarime, kuanzia mjini hadi Nyamwaga yaliko makao ya Halmashauri ya Wilaya, sinema za namna hii ndizo zijazazo mabenchi, mkalimani akipandisha Kiswahili chake juu ya Kiingereza cha wachezaji.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 480 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), Xerxes, mfalme wa Uajemi, aliiendea nchi ya Wayunani kwa jeshi kubwa. Leonidas, mfalme wa Sparta, alimzuia siku tatu katika njia nyembamba ya Thermopylae, kati ya mlima na bahari, akafa hapo pamoja na watu wake. Hapana anayeukana ushujaa huo. Wala hatukatai kwamba picha zinapendeza: karibu sinema yote ilipigwa ndani ya studio mjini Montreal, Kanada, mbele ya pazia la buluu, na ile safu ya ngao katika pigano la kwanza inaeleza vizuri jinsi watu wachache walivyoweza kuwazuia wengi. (Ama kupigana vifua wazi, hilo ni la sinema. Askari wa Kiyunani alivaa deraya.)

Lakini hebu tumtazame yule mjumbe. Anakuja kwa Leonidas na ujumbe wa bwana wake, na Leonidas anampiga teke la kifua na kumtumbukiza kisimani. Hapo ndipo kibanda kizima hulipuka kwa vifijo. Aliyecheza mjumbe huyo ni Peter Mensah, mzaliwa wa Ghana. Kwa hiyo kijana wetu anashangilia Mwafrika kutupwa shimoni, na anayetupa ndiye shujaa wake!

Sasa msikilize Herodotus, Myunani mwenyewe, aliyeandika habari za vita hivyo katika karne ile ile. Anasema ni kweli watu wa Sparta waliwatupa kisimani wajumbe wa Uajemi, ila ilikuwa zamani, katika enzi ya Darius baba yake Xerxes. Baadaye wakaona kwamba wamefanya dhambi na kwamba mikosi inawaandama. Wakatoka watu wawili kwa hiari yao, wakaenda hadi Uajemi kutoa roho zao ziwe fidia. Xerxes akakataa kuwaua, akasema hatatenda jambo lile lile analowalaumu kwalo watu wa Sparta. Basi sinema imechukua aibu ya Sparta ikaifanya fahari yake, na huruma ya Mwajemi ikaifuta kabisa. Sisi hatuhitaji kufundishwa na Herodotus kwamba mjumbe hauawi, Waswahili husema hivyo, na Mtume (s.a.w.) aliwaacha salama wajumbe wa Musaylima, ijapokuwa walitoka kwa mtu aliyejidai utume.

Simtetei Xerxes. Aliichoma moto Athens, na maiti ya Leonidas aliikata kichwa. Lakini michoro ya mawe ya Persepolis inawaonyesha wafalme wa Uajemi wakiwa na ndevu na kanzu ndefu za heshima. Sinema inatuletea jitu lenye upara, uchi, limetogwa minyororo usoni, na nyuma yake mazimwi. Iran ililalamika mwaka ule ule wa 2007, na ilikuwa na haki. Hata sisi linatugusa: tunaosema bandari na serikali kwa maneno yenye asili ya Kiajemi, na tulio na ndugu Makunduchi wanaosherehekea Mwaka Kogwa, tutacheka nini?

Kisha kuna huo "uhuru" ambao Leonidas hautoi mdomoni. Watu wa Sparta hawakulima. Waliolima ni Mahiloti, watu waliotiwa utumwani katika ardhi ya baba zao. Herodotus anasimulia kwamba mwaka 479, katika vita vya Plataea, walikwenda watu 5,000 wa Sparta na Mahiloti 35,000, yaani saba kwa kila mmoja. Katika sinema humwoni hata mmoja. Vivyo hivyo wale watu 700 wa Thespiae waliokataa kuondoka siku ya mwisho wakafa pamoja na Leonidas: wamefutwa, ili hesabu ya 300 ipendeze.

Baya zaidi kwangu ni Ephialtes, yule msaliti. Herodotus anasema alitaka malipo tu. Hasemi kwamba alikuwa na kasoro ya mwili. Sinema imemfanya kibyongo, aliyeponea chupuchupu kutupwa alipozaliwa, kana kwamba uovu wake ulitoka mgongoni. Mzazi mwenye mtoto mlemavu akae benchi moja na vijana wanaocheka hapo, kisha aniambie kama ni mchezo.

Na huku Mara mambo haya hayako mbali. Vijana wetu wamekulia penye habari za wizi wa ng'ombe na mapigano ya koo, ambamo silaha mojawapo ni upinde. Mashujaa wa sinema hii wanawacheka wapiga mishale na kuwaita waoga. Kijana wa Kikurya akiwa na podo lake hajui kwamba kwa macho ya Leonidas yeye yuko upande wa Waajemi.

Wayunani wenyewe walijua kuitazama vita kwa namna nyingine. Aeschylus alipigana na Waajemi huko Marathon. Mwaka 472, miaka minane tu baada ya Athens kuchomwa, aliwachezea watu wa mji huo tamthilia iitwayo "Waajemi". Haina Myunani hata mmoja jukwaani. Yumo mama yake Xerxes, akingoja habari za mwanawe, na wazee wanaowalilia vijana wao majina kwa majina.