Kigoda cha Mtemi Katika Sebule

Imekuwa desturi katika miji yetu, hasa miongoni mwa watu wenye nafasi, kuipamba sebule kwa sanamu na vigoda vya kale. Zamani ukutani mwa nyumba kama hizo ilining'inia picha ya mandhari ya Ulaya. Siku hizi pana kinyago, na kando ya makochi pana kigoda cheusi kilichong'arishwa kwa mafuta. Badiliko hilo hatulibezi. Watu walioambiwa kwa miaka mingi kwamba kazi za mikono ya babu zao ni ushenzi wana haki ya kufurahi wakiziona zimewekwa mahali pa heshima. Lakini kukiweka kitu mahali pa heshima ni jambo moja, na kukipa heshima yake ni jambo jingine. Yatupasa tujiulize kama mambo hayo mawili yamekutana katika sebule zetu.

Na tuanzie Itetemia. Hapo, karibu na mji wa Tabora, ndipo penye makao ya watemi wa Unyanyembe, ukoo wa Fundikira. Njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo iligawanyika Tabora: moja ilishika magharibi kwenda Ujiji, nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi waliteremsha pembe za ndovu hadi pwani, wakapandisha nguo, shanga na nyaya. Katika mizigo hiyo yalikuwamo pia magamba ya konokono wa baharini, ambayo yalikatwa yakawa kibangwa, kile kisahani cheupe walichokivaa watemi. Pwani gamba hilo halikuwa na cheo. Bara lilikuwa alama ya utawala. Maana yake ilitokana na mahali lilipofika, na na mtu aliyeruhusiwa kulivaa.

Vivyo hivyo kwa kigoda. Katika ikulu ya mtemi, na neno hilo ikulu ndilo walilolitumia Wanyamwezi kwa makao hayo kabla taifa halijalipa kazi mpya, hapakuwa na kiti cha kupendeza macho tu. Kila kiti kilikuwa na mwenyewe, na aliyekikalia bila haki alijitafutia makubwa.

Kigoda cha enzi cha Kinyamwezi kilichosifiwa kuliko vyote duniani hakipo Tabora. Kipo Berlin, nacho kilitoka Buruku, katika Unyamwezi, zama za utawala wa Wajerumani. Zama hizo zilianza kwa moto: mwezi Januari mwaka 1893, boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe lilipozidiwa, mwenyewe alijilipua kwa baruti kuliko kutekwa. Kigoda kingine, ambacho wataalamu wanakihesabu kuwa kazi ya mkono ule ule, kipo New York katika jumba la Metropolitan. Mchongaji wake wanamwita Fundi wa Buruku. Wamemwita hivyo kwa sababu hapana aliyeliandika jina lake.

Tuitazame kazi yenyewe. Kikalio ni cha duara, miguu imepinda, na mgongo mrefu wa kiti umechukua umbo la mtu. Vyote vimetolewa katika gogo moja. Fundi hakukibandika kiti sanamu ili kipendeze. Amekifanya kiti chenyewe kuwa mtu. Sisi twakisoma hivi: mtemi akikaa, mgongo wake huegemea mwili wa mwingine, naye huonekana mbele ya watu kuwa hatawali peke yake, bali ametanguliwa na anashikiliwa na waliomtangulia. Ndiyo kusema kwamba sanaa ile haikamiliki mpaka apatikane mwenye kukaa. Kigoda kitupu chini ya taa ya sebule ni kama shairi lililopoteza mizani: maneno yote yapo, lakini haliimbiki.

Kwa muda mrefu vitabu vya wageni vilidai kwamba Afrika ya Mashariki haina uchongaji wa maana ukilinganishwa na ule wa Afrika ya Magharibi. Maonyesho makubwa ya sanamu za Tanzania yaliyofanyika Ujerumani mwaka 1994, ambayo kitabu chake kilipewa pia jina la Kiswahili, Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika, yalisaidia kuyafuta madai hayo. Jambo hilo ni la kushukuriwa. Hata hivyo sifa huzaa bei, na bei humleta mnunuzi. Mnunuzi huyo hamtafuti mtemi; utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na vigoda vingi vilibaki katika nyumba za koo bila kazi. Humtafuta mjukuu mwenye shida ya ada ya shule. Kigoda kikishatoka mlangoni, jina la ukoo hubaki nyuma, na huko kiendako huitwa "kiti cha kale cha Kiafrika", basi.

Msomaji asidhani kwamba tunatia chumvi. Majirani zetu Wamijikenda wa pwani ya Kenya huwasimikia wazee wao waliofariki vigango, nguzo za mti zilizochongwa. Nguzo hizo ziliibwa kwa wingi, zikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, zikaishia katika nyumba na makumbusho ya Marekani. Watu wa sinema wa huko walizisimamisha majumbani mwao kwa umbo lake zuri, na kwa hakika umbo lake ni zuri. Lakini kule kijijini familia ilihesabu kwamba mzee wake ametekwa. Vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa kwa wenyewe mwaka 2007, na mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalitangaza kurudisha 30. Pambo la mtu mmoja lilikuwa kaburi la mwingine.

Sheria yetu haikulisahau jambo hili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vya mila vilivyotengenezwa kwa matumizi ya jamii, hata kama havitumiki tena, pamoja na milango ya kuchongwa ya kabla ya mwaka 1940. Haivihesabu vile vilivyotengenezwa ili viuzwe kuwa mapambo. Tofauti hiyo ni ya busara, nayo yafaa kuwa kipimo cha mpambaji pia. Kinyago cha Kimakonde kilichochongwa Mwenge kwa ajili ya soko ni mgeni halali wa sebule. Aliyekichonga alitaka kiende huko, naye alipata riziki yake. Kigoda cha mtemi hakikuchongwa kiende huko.

Kati ya hivyo viwili pana cha tatu, nacho ni uzee wa kutengenezwa: kinyago cha juzi kilichofukizwa moshi, kikapakwa rangi ya viatu au kufukiwa ardhini, kisha kikauzwa kama cha karne iliyopita. Mnunuzi hulalamika kwamba ametapeliwa. Lakini mtu anayenunua uzee bila kuuliza habari amepewa alichokiomba, kwani alichotaka ni weusi wa mti.

Yupo atakayesema: afadhali sebule kuliko mchwa. Hoja hiyo ina nguvu, nasi hatuwezi kuipuuza. Vigoda vingi vimeliwa na mchwa wakati wenyewe wakiviona havina maana. Lakini ipo njia ya tatu. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Wasukuma wamevihifadhi vitu vya enzi vya watemi wao katika jengo lililopewa umbo la kigoda, na ngoma zao zimetunzwa humo. Mtoto akiingia huambiwa hiki ni nini na kilikuwa cha nani.

Kwa hiyo twawashauri wenye nyumba hivi. Anayetaka uzuri, na anunue kazi mpya, amlipe mchongaji aliye hai na kuliandika jina lake nyuma ya kazi, ili kesho asiitwe fundi wa mahali fulani. Aliyerithi kitu cha ukoo, na akiweke kwake bila haya, lakini awaulize wazee wangali hai kilitoka kijiji gani, kilikaliwa na nani, na siku gani kilitolewa nje. Majibu ayaandike, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Na anayeletewa kigoda cha enzi mlangoni na mtu asiyejua kilikotoka, akikatae. Ukuta wake utabaki mtupu, lakini Unyamwezi hautapotezewa jina jingine.