Moyo, Roho na Ria: Al-Inkishafi na Wasomaji Wake wa Kikristo

Katika tenzi zote zilizotungwa katika visiwa vya Lamu, hapana hata mmoja uliopata kusomwa na Wakristo kwa hamu kama Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Mmishonari W.E. Taylor wa Church Missionary Society, aliyefika Mombasa katika miaka ya 1880 na kukusanya tungo za Waswahili kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliufasiri kwa shairi la Kiingereza, na fasiri yake ikachapishwa ndani ya kitabu cha sarufi cha Stigand mwaka 1915. Mwaka 1939 William Hichens aliuhariri na kuutoa London kwa Sheldon Press, shirika la uchapaji la Kianglikana. Mwaka 1977 James de Vere Allen, aliyekuwa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho la Lamu, akautoa tena Nairobi. Si jambo dogo kwamba utungo wa Sharifu wa Pate ulipita katika mikono hiyo kabla ya kufika katika madarasa ya vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki. Wasomaji wengi wa bara walikutana nao kwa mara ya kwanza wakiwa wamekwisha kuambiwa ni utungo wa namna gani.

Waliambiwa hayo na majina. Hichens aliupa jina la Kiingereza lenye maana ya "Kuamka kwa Roho". Allen akauita "Katekisimu ya Roho". Majina yote mawili yanatoka kanisani, na yote mawili yamehamisha jambo moja la msingi: mshairi hasemi na roho, bali anasema na moyo wake. Huenda mtu akadhani kuwa hiyo ni tofauti ya maneno tu. Lakini katika elimu ya dini aliyolelewa nayo mtunzi, roho, nafsi na moyo ni vitu vitatu. Roho ni amana ya Mungu. Nafsi ndiyo inayoamrisha maovu. Moyo ndio mahali pa ujuzi na nia, nao waweza kung'aa au kushika kutu. Al-Ghazali, ambaye Ihya yake ilikuwa na heshima kubwa katika njia ya Masharifu wa Hadhramaut, alitenga kitabu kizima ndani yake kueleza maradhi ya kupenda jaha na ria. Maradhi hayo ni ya moyo, na dawa yake hutafutwa moyoni.

Neno "kuamka" nalo lina kasoro yake. Linadokeza kwamba aliyelala hakujua, kisha akaja kujua, kama mtu anayesikia Injili kwa mara ya kwanza akaongoka. Moyo wa Al-Inkishafi hauko hivyo. Hapana mtu Pate aliyekuwa na shaka kwamba kuna kufa, kuna hesabu na kuna moto. Mwenye kusemeshwa ni mwumini tangu mwanzo, anasali na kufunga, na yote atakayoambiwa ameyasikia msikitini tangu utotoni. Tatizo lake ni kwamba anayoyajua hayajamshuka. Ndiyo sababu neno lililochaguliwa na mtunzi ni inkishafi, yaani kufunuka, kuondoka kwa kifuniko. Kinachofunuliwa kilikuwapo siku zote, nacho kilizibwa na pambo.

Kwa hiyo mifano ya utenzi huu haina budi kusomwa kwa uangalifu. Dunia inafananishwa na mazigazi, ambayo kwa mbali ni maji na kwa karibu ni mchanga. Uhai ni taa iliyowekwa penye upepo. Halafu mshairi anaushika moyo mkono, kama kusema, na kuuingiza katika majumba ya Pate: madaka yaliyopangwa vyombo vya kaure sasa ni viota vya ndege, na kumbi za mazungumzo zimekuwa za popo, mende na nyenje. Wahakiki wengi wamesimama hapo, wakasema kwamba dhamira ni kuanguka kwa mji na ubatili wa mali. Hayo ni kweli, lakini si yote. Nyumba iliyobomoka ni ushahidi tu. Anayeshtakiwa ni moyo ulioona magofu hayo kila siku ukapita. Mshairi anauliza kwa nini mtu aliye na ushahidi wote bado anaishi kama asiyekuwa nao. Hilo ni swali la ikhlasi.

Hapa Msomaji Mkristo anaweza kufaidika sana, iwapo atarudi katika maneno ya Biblia yake mwenyewe. Katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo wanakatazwa wale wanaotoa sadaka, kusali na kufunga ili waonwe na watu. Tafsiri ya Muungano iliyotoka mwaka 1952 inawaita wanafiki. Neno la Kiyunani linalofasiriwa hivyo lilikuwa jina la mchezaji wa tamthilia, mtu avaaye uso usio wake mbele ya watazamaji. Mnafiki wa Kiarabu ni mwingine: yeye ni mtu anayekiri imani kwa ulimi na kuficha ukafiri ndani. Mchezaji anatenda ili aonekane. Mnafiki anatenda ili asionekane alivyo. Kiswahili kilikuwa tayari na neno la jambo la kwanza, nalo ni ria, ambalo asili yake ni kitenzi cha Kiarabu cha kuona. Sura ya Al-Maun katika Kurani inawalaani wasalio kwa namna hiyo, na mafundisho ya Kiislamu huihesabu ria kuwa shirki ndogo.

Wafasiri hawakukosea kuchagua neno lenye nguvu na lililoenea. Hata hivyo uchaguzi huo umeacha alama katika mahubiri. Mnafiki ni neno ambalo mtu humwitia mwenzake. Ni adimu kumsikia mhubiri akisema "mimi mnafiki", kwani mwenye kuficha ukafiri kwa makusudi anajijua na hatasema. Ama ria humwingia mwumini wa kweli, tena katikati ya sala aliyoianza kwa nia njema. Haijulikani ila na mwenyewe, na pengine hata yeye haioni. Kwa sababu hiyo haifai kuhubiriwa kwa kunyoosha kidole. Yafaa ihubiriwe kama alivyofanya Sayyid Abdalla: mtu aseme na moyo wake mbele ya watu. Allen alikuwa karibu na jambo hili alipotaja katekisimu, kwa kuwa utenzi umejaa maswali. Lakini katika katekisimu mwalimu humuuliza mwanafunzi jibu lililokwisha kuandikwa. Katika Al-Inkishafi mwenye kuuliza na mwenye kuulizwa ni mtu mmoja, wala hapana wa tatu wa kumsifu kwa jibu zuri.

Lipo pingamizi moja ambalo haifai kulikwepa. Mtunzi anaanza kwa kuufananisha utungo wake na lulu zilizotungwa zikang'aa. Beti zake, zisizofika 80, zinashika vina vitatu na kituo kimoja kwa ufundi usiolegea. Je, anayelaumu pambo hajajipamba? Je, utenzi wenyewe si ria? Jibu jepesi ni kwamba fani ni chombo tu cha kubebea maudhui, lakini jibu hilo halitoshi, kwa kuwa lulu hazikuwekwa pale kwa bahati. Mtunzi aliyajua majumba yenye vyombo vya kaure, na aliwajua waliokaa ndani yake. Alikuwa mtu wa tabaka hilo. Anauita utungo wake kito, kisha anauonyesha moyo namna vito vinavyoishia. Msomaji hawezi kuyasoma madaka matupu bila kukumbuka kidani cha mwanzo, na hukumu iliyopitishwa juu ya majumba inaurudia utungo. Mtunzi hakuuepusha.

Hapo ndipo utenzi huu unapotofautiana na mawaidha ya kawaida, ya msikitini na ya kanisani vilevile. Mawaidha humtoa msemaji nje ya shutuma. Utenzi umemweka ndani pamoja na ufasaha wake. Mwalimu anayeusomesha leo kwa wanafunzi Wakristo na Waislamu waliokaa darasa moja hana haja ya kuugeuza kuwa wa Kikristo ili uwaguse wote. Atawafaa zaidi akianza kwa kuyaweka kando majina ya Kiingereza, akawarudishia neno moyo kama mtunzi alivyoliandika, kisha akawataka waieleze tofauti ya ria na unafiki kabla ya kufungua ubeti wa kwanza.